Kuendesha baiskeli ya milimani usiku Nakuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Nakuru na viunga vyake wanaotaka kupanda baiskeli kwenye vijia vya msituni, barabara za mashamba na miteremko ya changarawe baada ya jua kuzama. Mwishoni tumeweka maneno machache kwa wenzetu wa Kisumu na Kakamega, maana wanauliza sana na hali yao si sawa na yetu. Ukisoma jibu moja tu, soma lile la tatu.

Mchana upo. Kwa nini mtu ahangaike na giza?

Kwa sababu mchana wetu hauongezeki. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, na mwaka mzima jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika chache. Nusu saa baadaye giza limetanda. Mwendesha baiskeli wa Uingereza mwezi Juni ana mwanga hadi karibu saa nne usiku. Sisi hatuna mwezi wa aina hiyo. Anayetoka kazini mjini saa kumi na moja, akapita msongamano hadi Kiamunyi au Lanet na kubadilisha nguo, jua linazama. Basi ama asubiri Jumamosi, ama ajifunze usiku.

Sababu ya pili ni usiku wenyewe, na sisi tunaipenda zaidi. Taa inakuachia kipande kidogo cha njia na kufuta mengine yote. Huwazi mteremko wa mbele wala kilima cha nyuma. Unawaza jiwe hili na kona hii. Njia uliyoizoea hadi ukaichoka inakuwa mpya bila kubadilika hata kokoto moja. Ndege waliotulia vumbini huruka mbele ya taa dakika ya mwisho. Juu ya Menengai, mlima wa volkano ulio kaskazini mwa mji, ukizima taa na kuangalia kusini, mji mzima umewaka chini yako, na ziwa ni doa jeusi ng'ambo yake.

Nahitaji uzoefu wa kiasi gani?

Uwe unaweza kupanda na kushuka mchana bila kuangalia breki ziko wapi, na uwe umewahi kuziba pancha mwenyewe. Hayo mawili yakitimia, njoo.

Nianzie njia gani?

Anzia njia unayoijua mchana. Si unayoifahamu kwa jina, wala uliyoionyeshwa kwenye ramani ya simu, bali uliyoipita kwa baiskeli yako, jua likiwaka, ndani ya wiki hiyohiyo. Hilo ndilo sharti kubwa kwetu, na ndilo watu wanalolivunja kwanza. Mtu ananunua taa ya bei ghali, anaona mwanga wake unavyopiga ukuta wa jirani, kisha anaenda nayo mahali asipowahi kukanyaga. Taa inakuonyesha kilichopo mbele ya gurudumu. Haikuambii kwamba baada ya kona kuna korongo.

Tunasisitiza wiki hiyohiyo kwa sababu ardhi ya huku haitulii. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na maji huuchimba haraka. Mvua moja kubwa ikinyesha Bahati au Ngata, njia iliyokuwa laini Jumapili inaweza kuwa na mfereji wa kina cha goti Jumatano. Tena tuko ndani ya Bonde la Ufa: mvua kubwa imewahi kufungua mipasuko ardhini na mashimo yaliyotitia sehemu mbalimbali za kaunti hii. Kwa hiyo mvua ikinyesha, ujuzi wako wa njia umefutika. Rudi mchana uitazame upya.

Kwa safari ya kwanza tunapendekeza barabara pana za vumbi katikati ya mashamba, upande wa Ngata, Njoro au Kabarak. Zina upana wa kukosea. Ukizizoea, hamia kwenye vijia vya miteremko ya chini ya Menengai. Vijia vyembamba vya ukingoni viache hadi utakapokuwa umeshinda nao mchana mara nyingi kiasi cha kuzijua kona zake kwa mwili, si kwa macho.

Jioni au alfajiri?

Wengi hutaka jioni. Kwa anayeanza, sisi tunapendelea alfajiri. Ukitoka saa kumi na moja asubuhi, kila dakika inayopita inakusogeza kwenye mwanga. Taa ikizimika, subiri. Pancha ikikutatiza, kutapambazuka. Ukipotea, kutakucha na utaona minara ya simu na paa za mabati. Jioni ni kinyume: kila tatizo linazidi kuingia gizani, na wewe umechoka na kazi ya siku nzima. Alfajiri pia walevi wamelala na wakulima wameamka, na mkulima aliyeamka ni msaada mkubwa.

Ubaya wake ni baridi. Nakuru mjini ni mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 10 au chini ya hapo, na upepo wa mteremko unaondoa hisia vidoleni hadi breki huzisikii. Vaa glovu za vidole vizima. Ule mtindo wa vidole wazi ni wa saa sita mchana.

Je, Menengai inaruhusiwa usiku?

Swali hili lina sehemu tatu.

Msitu ulio kwenye miteremko ni wa umma na unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwa ndani ya msitu wa umma kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi bila idhini, ingawa inawatambua walio kwenye barabara au njia rasmi na walio kwenye shughuli kama za burudani. Usiitegemee tofauti hiyo kama ngao. Askari wa msitu anayeona taa zikicheza kati ya miti saa mbili usiku anafikiria wakata miti na wachoma makaa kabla ya kufikiria baiskeli, na ana haki ya kufikiria hivyo. Nendeni kwenye ofisi ya msimamizi wa msitu mchana, mseme mko wangapi, mtapita wapi na mtatoka saa ngapi, na mchukue nambari ya simu ya mlinzi wa zamu. Tumeona milango mingi ikifunguka kwa utaratibu huo kuliko kwa mabishano.

Ukingo wa kreta, yaani lile shimo kubwa la volkano, ni jambo la pili. Ukuta wake unashuka karibu mita 500 mahali pengine, na hakuna uzio kwenye sehemu kubwa. Usiku, usiendeshe kijia chochote kilicho karibu na ukingo. Shuka na usukume. Hatuna mjadala kuhusu hili, hata na waendeshaji wazuri kuliko sisi.

La tatu ni ndani ya kreta. Sakafu yake imejaa miamba ya lava yenye makali, matundu ya mvuke wa moto, na barabara za kazi za mradi wa mvuke wa ardhini. Magari makubwa hupita humo na visima vina ulinzi. Bila ruhusa ya wanaosimamia eneo hilo, usishuke usiku.

Hifadhi ya Ziwa Nakuru na Hell's Gate je?

Hapana. Hifadhi hizi za KWS, shirika la wanyamapori, hufunguliwa kwa wageni wa siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Hell's Gate inaruhusu baiskeli, na ni mahali pazuri mno, lakini mchana. Ziwa Nakuru lina nyati, faru na simba, na uzio wake una umeme. Mtu anayeendesha kando ya uzio huo gizani ajue kwamba ukianguka juu yake hutaona waya mapema.

Taa iwe na nguvu kiasi gani?

Kwa barabara pana ya vumbi, lumeni 400 za kweli zinatosha (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Kwa vijia vya mawe na kona, lenga 800 hadi 1,000 kwenye usukani. Zaidi ya hapo faida inapungua kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwanga hufifia kwa mraba wa umbali: ukitaka kuona mara mbili zaidi mbele, unahitaji taa yenye nguvu mara nne. Anayetoka lumeni 1,000 hadi 2,000 anaongeza umbali kwa chini ya nusu, na betri inaisha haraka maradufu.

Muhimu kuliko nguvu ni umbo la mwanga. Taa inayomwaga mwanga mpana na laini inaonyesha pembeni mwa njia, ambako kona na mbuzi hutokea. Tochi inayopiga duara dogo kali katikati inakupofusha kwa vitu vilivyo nje ya duara. Tena chagua mwanga wenye unjano kidogo ukipata nafasi. Ule mweupe wa kibuluu hufanya vumbi na jiwe kuonekana rangi moja.

Jambo moja zaidi: ukikutana na mtu, inamisha taa au ipunguze. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na wewe unamharibia kwa sekunde moja. Mama aliyebeba kuni kichwani huku umempofusha anaweza kuingia shimoni akikukwepa.

Ya kichwani au ya usukani?

Zote mbili, kwa kazi tofauti. Taa ya usukani iko chini, kwa hiyo kila jiwe linatupa kivuli, na kivuli ndicho kinachokuambia jiwe ni refu au shimo ni la kina. Taa ya helmeti iko karibu na macho, inafuta vivuli, lakini inafuata unakotazama: ukigeuza kichwa kuingia kona, inakutangulia kule ambako usukani haujafika. Ukiweza kununua moja tu sasa, anza na ya usukani, na ufunge tochi ndogo kichwani kwa ajili ya kuziba pancha.

Vumbi likitimka au ukungu ukishuka, kama Menengai hufanya miezi ya Juni hadi Agosti, zima ya kichwani. Mwanga wake unagonga chembe zilizo mbele ya uso na kukurudia machoni. Wakati huo pia msiendeshe mkifuatana karibu. Acheni vumbi la wa mbele litue.

Nyuma weka taa nyekundu isiyometameta mkiwa katika kundi. Ile ya kumetameta iwashe mkifika lami. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret inabeba malori usiku kucha, na hakuna sababu ya baiskeli kuwa juu yake gizani zaidi ya kuivuka.

Betri yangu imeandikwa saa nne lakini inaisha kwa moja. Kwa nini?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Taa nyingi hutumia seli za duara za aina ya 18650, volti 3.7 kila moja. Seli mbili za kweli za mAh 3,000 (mAh ni kipimo cha chaji) zinakupa wati-saa 22 hivi. Taa ya LED inayotoa lumeni 1,000 hula wati 10 hivi. Gawanya, unapata saa mbili na kidogo. Zile saa nne zilizoandikwa kwenye sanduku ni za mwanga wa chini.

Ya pili ni uongo. Seli bora za ukubwa huo hufika mAh 3,500 hivi. Ukiona madukani seli imeandikwa 9,900, hiyo si seli nzuri mno. Ni seli ambayo nambari yake haina uhusiano wowote na kilichomo. Iache. Taa nzuri yenye betri ya uongo ni hatari kuliko taa hafifu, kwani inazimika ghafla na wewe uko katikati ya mteremko.

Zoea kupanda kwa mwanga wa chini na kushuka kwa mwanga wa juu. Kwenye mlima unaenda mwendo wa mtu anayetembea, huhitaji kuona mita 40. Mkisimama kupumzika, punguza pia: taa hizi hupozwa na upepo wa mwendo, na zikiwaka kwa nguvu zikiwa zimesimama hupata moto.

Nina Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kazi, yenye dainamo. Naweza kuja?

Kwenye barabara za mashamba, ndiyo, na karibu sana. Dainamo haihitaji chaji na imewahudumia wazee wetu miaka mingi. Lakini inatoa wati 3 tu na inazimika unaposimama, wakati ule ambao lori au bodaboda inahitaji kukuona. Funga tochi ya betri pamoja nayo. Kwenye vijia vya mawe Black Mamba haifai hata mchana: uzito wake na breki zake za fimbo haviwezi kusimama kwenye mteremko.

Niende kasi gani?

Kasi ambayo unaweza kusimama ndani ya mwanga wako. Kwa kilomita 20 kwa saa unasafiri mita 5.6 kila sekunde. Kutambua kitu na kubana breki kunachukua sekunde moja na nusu hivi, mita 8 tayari. Ongeza mita 5 za kusimama kwenye changarawe, jumla 13. Panda hadi kilomita 30 kwa saa, jumla inakuwa 24. Umeongeza kasi kwa nusu, umbali wa kusimama umekaribia mara mbili. Kama taa yako inakuonyesha mita 20 kwa uwazi, kasi ya pili unaendesha ukiwa kipofu kwa mita 4 za mwisho, na ndimo ng'ombe amelala.

Nini hasa huwaangusha watu?

Si mizizi na mawe. Hayo umeyajua mchana. Huwaangusha kitu ambacho mchana hakikuwepo.

Kamba ya ng'ombe ndiyo tunayoiogopa zaidi. Mchana ng'ombe amefungwa kwenye nyasi za kando. Jioni amevuka upande wa pili, na kamba imekaa kimo cha tairi kuvuka njia. Ukiona macho yanayong'aa kando, tafuta kamba kabla ya kupita. Seng'enge inafuata: mageti mengi ya mashamba ni nyuzi tatu za waya na fito, huachwa wazi mchana kutwa na kufungwa machweo. Waya wa juu uko kimo cha kifua. Ndiyo maana tunauliza mwenye shamba anafunga saa ngapi, na tunasimama kila penye nguzo mbili hata kama jana palikuwa wazi.

Kisha kuna mashimo ya mchanga na machimbo ya mawe yanayopanuka kila wiki. Mikokoteni ya punda isiyo na taa wala kiakisi. Magogo yaliyoangushwa mchana ule. Bodaboda wanaoshuka injini ikiwa imezimwa ili kuokoa petroli, ambao huwasikii hadi wamefika.

Na watu. Macho ya ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa hurudisha mwanga, unayaona kutoka mbali. Macho ya binadamu hayafanyi hivyo. Mtu mwenye koti jeusi anayerudi nyumbani ndiye utakayemwona mwisho wa yote, na ndiye unayepaswa kumfikiria kwanza. Weka kengele kwenye usukani, piga mapema, pita polepole.

Kuna wanyama wakali?

Mbwa kwanza. Mbwa wa shamba hufunguliwa usiku, na baiskeli inayokimbia ni kitu cha kufukuzwa. Simama, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, ongea kwa sauti ya chini. Wengi hukata tamaa. Aking'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali usiku uleule uanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje asubuhi uone kama kitavimba.

Nyoka wa kumjua ni moma. Ni mnene, hakimbii, na hupenda kulala njiani usiku kwa joto lililobaki ardhini. Usiweke mguu chini bila kumulika. Akimuuma mtu: asitembee, kiungo kiwekewe fito kisisogee, kama kilichovunjika, pete na saa zitolewe, na abebwe hadi hospitali. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya, hakuna kufunga kamba ya kukata damu.

Upande wa Elementaita na Soysambu kuna fisi, kwa hiyo msiachane. Na kwa Naivasha, viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi na huvuka barabara ya kusini mwa ziwa. Kiboko hukimbia kama kilomita 30 kwa saa. Usiendeshe kandokando ya ziwa lile baada ya giza.

Wezi je? Na wanakijiji watatuonaje?

Tunayajibu pamoja kwa sababu jibu ni moja: mjulikane.

Taa saba zenye nguvu zikitokea ghafla nyuma ya boma la mtu saa tatu usiku ni jambo la kutisha. Sehemu za kaunti hii zimewahi kupata wizi wa mifugo na fujo za uchaguzi, na watu wana kumbukumbu. Anayepiga yowe akikuona hajakosea. Ndiyo maana kabla ya kuifanya njia kuwa ya usiku tunapita mchana kwa miguu au polepole kwa baiskeli, tunamtafuta kiongozi wa Nyumba Kumi na mzee wa mtaa, tunaeleza sisi ni kina nani na ni siku gani tunapita. Tunanunua maziwa au mahindi pale. Siku ya safari tunampigia simu kiongozi wa Nyumba Kumi. Tukifika penye nyumba tunapunguza mwanga, tunaacha kuongea kwa sauti, na tukikutana na mtu tunasimama: shikamoo kwa mzee, habari za jioni kwa wengine.

Kundi lililofanya hivyo linalindwa na macho mengi kuliko mlinzi yeyote wa kukodi. Kundi ambalo halikufanya hivyo liko peke yake hata likiwa na watu 20.

Juu ya hayo: msiwe chini ya wanne. Acheni mpango na saa ya kurudi kwa mtu aliye nyumbani, na mkubaliane atafanya nini msiporudi. Msitangaze njia na saa mitandaoni kabla ya safari. Kama mtu anataka baiskeli yako na ana silaha, mpe.

Mimi ni mwanamke. Je, nitakuwa salama na kundi?

Uliza kundi lolote maswali mawili kabla ya kujiunga: nani huendesha wa mwisho, na watu hufikaje nyumbani. Kundi zuri lina mtu wa mwisho aliyechaguliwa, ambaye hampiti yeyote, na halimwachi mtu kumaliza safari peke yake kutoka mahali pa kuagana. Wakikujibu kwamba kila mtu hujitegemea, tafuta kundi lingine. Kanuni hizi ni za kila mtu, lakini wanawake ndio hulipia zinapokosekana.

Nibebe nini?

Tyubu mbili, pampu, viraka, wenzo za tairi, kiungo cha mnyororo na funguo zake. Simu yenye chaji, ndani ya nailoni, na pesa taslimu kidogo. Maji lita moja na kitu cha kula: ndizi, viazi vitamu, njugu. Jaketi la upepo. Miwani isiyo na rangi kwa ajili ya wadudu na matawi. Bandeji pana na blanketi jembamba la dharura.

Kuhusu miiba: migunga iko kila mahali huku. Tairi zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba huondoa usumbufu mwingi, na fundi mzuri mjini anaweza kukuwekea maji hayo hata ndani ya tyubu. Kabla ya kupapasa tairi kwa kidole kutafuta mwiba, mulika.

Mtu akianguka vibaya?

Kwanza mmoja arudi nyuma na kumulika njia ili wengine wasimpande. Kama amegonga kichwa, amepoteza fahamu hata kidogo, anatapika au anarudia swali lilelile, safari imekwisha na anaenda hospitali. Akilalamikia shingo au mgongo, msimwinue. Mfunikeni, baridi humshusha haraka. Pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Ambulensi haitaingia kijiani, hivyo mjue tangu mchana ni wapi gari linaweza kufika karibu zaidi, na jina la mahali hapo kama wenyeji wanavyopaita. Dereva haelewi "kwenye kona ya tatu".

Helmeti iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu haifai tena. Nyingine mpya itafute yenye alama ya EN 1078, kiwango cha usalama cha Ulaya, ndani.

Mbalamwezi ikiwa kamili, naweza kuzima taa?

Kwenye barabara nyeupe ya vumbi, ukipanda taratibu, ndiyo, na ni raha. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo na kuchelewa dakika 50 hivi kila siku inayofuata, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi kamili utaanza gizani. Chini ya miti na kwenye mteremko, washa. Taa ya nyuma isizimwe kamwe.

Mvua zikinyesha tunaendelea?

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Disemba, tunabaki kwenye barabara pana. Agosti pia huwa na mvua zake. Kijia kilicholowa kikipitwa na matairi kinageuka mfereji, na wanaoumia ni wanaokitumia kwenda shule na sokoni.

Tuko Kisumu. Haya yote yanatuhusu?

Mengi, ila badilisheni hofu. Kisumu iko mita 1,131 tu, kwa hiyo baridi si tatizo. Joto na mbu ndio tatizo. Mbu wa malaria huuma usiku: pakeni dawa na mvae mikono mirefu. Kando ya ziwa, Dunga na kwingineko, viboko hutoka kulisha gizani, basi panda milimani, kuelekea Riat au Kajulu, mbali na maji. Mawe ya kule ni makubwa na yamelegea, na mashamba yamebanana na vijia, kwa hiyo yale ya kujulikana na wenyeji yana uzito maradufu.

Radi ni jambo zito zaidi kuliko kwetu. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani. Ukiona mwako, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kilomita moja. Ikifika chini ya sekunde 30, shukeni kilimani mwingie ndani ya nyumba au gari. Chini ya mti mkubwa si mahali pa kujikinga.

Kakamega ni msitu wa mvua: mizizi imelowa mwaka mzima, majani yamefunika mashimo, na usimamizi umegawanyika kati ya KFS na KWS. Ulizeni kwanza mko upande wa nani, maana ruhusa ya mmoja haifiki kwa mwingine.